Ulinipa Habari za Upepo

Jioni moja, nikiwa na miezi minne tu tangu nianze kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, tulikuwa tunaiendea Mwanza kutokea upande wa ziwa. Ndege yetu ilikuwa ya mapanga mawili, abiria arobaini na kitu, na mvua ilikuwa imetanda juu ya maji kama buibui lililoanikwa. Kiti cha kushoto alikaa kapteni aliyenizidi karibu miaka thelathini. Kila alfajiri nilimwamkia shikamoo kabla hatujaanza kukagua ndege, naye aliitikia marahaba huku akinisogezea kikombe cha chai. Mtu mwema, na fundi hasa wa kazi yake.

Tulipofika futi 1,000 juu ya ardhi nikatazama kipima mwendo. Kwa uzito tuliokuwa nao tulitakiwa kuwa na noti 105 hivi, yaani maili 105 za baharini kwa saa. Sindano ilikuwa kwenye 130. Tena tulikuwa juu mno, na njia ya kurukia ilionekana ndefu, imesimama mbele yetu kuliko kawaida. Niliyaona yote hayo. Nikameza mate, nikasema, "Kapteni, naona leo upepo wa ziwa unatusukuma kidogo."

"Eeh," akajibu.

Nikanyamaza.

Magurudumu yaligusa mbali sana. Kapteni akakanyaga breki, akageuza mapanga yavute nyuma, ndege nzima ikatetemeka. Tuliposimama, taa nyekundu za mwisho wa njia zilikuwa pale pale mbele ya kioo. Ningeweza kuzihesabu moja moja kupitia matone ya mvua. Nyuma yetu abiria walikuwa wanapiga makofi.

Tulipozima injini hakuvua vifaa vya masikioni. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Kapteni."

"Ulinipa habari za upepo," akasema. "Mimi nilikuwa nahitaji habari za mwendo."

Leo sirushi tena; nafundisha vijana. Tangu ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ile ATR 42 iliyoingia Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua, watu 19 kati ya 43 wakafariki, kila ninapojitambulisha kuwa nilikuwa rubani naulizwa swali lile lile: mle ndani, ndege inapotua, huwa mnaambiana nini? Naulizwa harusini, naulizwa kwenye foleni ya benki. Ni swali la haki kabisa, na wanaopanda ndege wana haki ya kujibiwa.

Kwanza niondoe dhana moja. Wengi hudhani rubani msaidizi ni kama utingo wa lori, kazi yake kumsindikiza dereva. Sivyo. Ana leseni kamili, na kwa kawaida marubani hupokezana: safari hii anarusha kapteni, ya kurudi anarusha msaidizi. Kapteni ndiye mwenye dhamana ya mwisho, lakini kazi zimegawanywa hivi: mmoja anarusha, mwenzake anatazama. Huyu anayetazama anafuatilia mwendo, kimo, kasi ya kushuka, mafuta, hali ya hewa, anaongea na mnara, na juu ya yote anamtazama mwenzake. Kumtazama mwenzako ndiko kugumu. Vyombo vyote havikuchukii ukivikosoa.

Ndege ikishuka chini ya futi 10,000, mazungumzo ya kawaida hukoma. Hakuna habari za mpira, hakuna habari za viwanja vya Kigamboni. Wamarekani waliiandika kanuni hiyo mwaka 1981, na nyuma yake kuna makaburi: tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya shirika la Eastern aina ya DC-9 ilianguka ikiwa karibu kutua Charlotte katika ukungu, watu 72 wakafa, na kinasa sauti kikaonyesha kuwa marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na za magari ya mitumba wakati ndege inashuka.

Kinachobaki ni maneno machache yaliyopangwa tangu darasani. Kwenye futi 1,000 anayetazama anataja kimo, na hapo kila kitu kiwe kimekaa sawa: mwendo ule unaotakiwa, kasi ya kushuka isiyozidi futi 1,000 kwa dakika, magurudumu chini, flapu za mabawa zimefunguliwa, orodha ya kutua imeshasomwa. Anga likiwa wazi, baadhi ya mashirika huruhusu mambo yatulie hadi futi 500. Kisha kuna kimo cha uamuzi, ambacho kwa mitambo ya kawaida ya kuongoza kutua huwa futi 200. Pale jibu ni moja kati ya mawili: njia naiona, natua, au siioni, napaa. Hakuna "ngoja kidogo tuone". Ndege inayoshuka inameza futi kumi na zaidi kila sekunde, na huko kungoja kidogo ndiko kulikowamaliza wengi.

Utaratibu huu unaonekana mwepesi ukiuandika. Ugumu wake niliuelewa vizuri niliposoma habari za Portland.

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya shirika la United namba 173, DC-8 yenye watu 189, ilikuwa inakaribia Portland katika jimbo la Oregon. Iliposhusha magurudumu kukasikika kishindo, ndege ikatikisika, na taa ya kuonyesha kuwa magurudumu yote yamejifunga haikuwaka kama ilivyopaswa. Kutu ilikuwa imekula sehemu ya mtambo wa gurudumu la kulia, gurudumu likaanguka lenyewe kwa nguvu na kuharibu swichi ya taa. Kapteni alikuwa na zaidi ya saa 27,000 angani. Alifanya alichofanya kwa moyo safi kabisa: aliomba kuzunguka kusini mashariki ya mji, kwenye futi 5,000, ili achunguze tatizo na ili wahudumu wapate nafasi ya kuwaandaa abiria.

Wakazunguka karibu saa nzima.

Chumbani walikuwa watu watatu: kapteni, rubani msaidizi, na mhandisi wa ndege, kwa sababu ndege za wakati ule zilikuwa na mhandisi mwenye meza yake ya saa na swichi. Mafuta yalikuwa yanasomwa. Yalitajwa. Msaidizi aliuliza yamebaki kiasi gani, akajibiwa. Kapteni alipotaka mahesabu ya kukaa angani robo saa nyingine, mhandisi alisema dakika kumi na tano zitawaacha na mafuta machache mno. Likasemwa, na likapita. Mazungumzo yakarudi kwenye magurudumu, kwenye taa, kwenye abiria. Nimeyasoma maandishi ya kinasa sauti kile mara nyingi, na kila mara najikuta nataka kupiga kelele: sema sasa! Sema "tunatua sasa hivi au tunaanguka." Hakuna aliyesema hivyo. Walitoa taarifa, wakamwachia mkubwa aielewe mwenyewe.

Injini ya kwanza ilipoanza kuzimika kapteni aliuliza kwa nini. Akauliza tena. Akajibiwa kwa neno moja: mafuta. Dakika chache baadaye zote nne zilikuwa kimya. Ndege ikaanguka kwenye mtaa wa pembeni mwa mji, maili sita hivi kutoka uwanjani, ikavunja nyumba mbili ambazo hazikuwa na watu ndani. Watu 10 walifariki, mhandisi akiwa mmoja wao. Hakukuwa na moto, kwa kuwa hakukuwa na cha kuwaka. Na magurudumu, uchunguzi ulionyesha, yalikuwa yameshuka.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilimlaumu kapteni kwa kutofuatilia mafuta na kutozingatia aliyoambiwa. Lakini iliandika jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: wenzake wawili ama hawakuelewa ukubwa wa hatari, ama hawakufaulu kuufikisha kwa kapteni. Ikapendekeza makapteni wafundishwe kuwashirikisha wenzao, na wasaidizi wafundishwe kusema kwa uthabiti. Juni 1979 shirika la anga la NASA likaitisha mkutano San Francisco juu ya jambo hilo, na mwaka 1981 United wenyewe wakaanza mafunzo. Siku hizi hakuna rubani wa ndege za abiria asiyeyapitia. Kapteni Al Haynes, aliyepoteza mitambo yote ya kuongozea DC-10 yake mwaka 1989 na bado akaifikisha Sioux City, watu 184 kati ya 296 wakapona, alisema hadharani mara nyingi kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowaokoa. Siku ile hata mwalimu wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria aliitwa mbele, akashika vishikio vya nguvu za injini.

Nataka msomaji aone kitu hapa. Walioshindwa kusema wazi kule Portland walikuwa Wamarekani, watu tunaoambiwa kwamba hawana haya na wakubwa wao. Kwa hiyo simwelewi mtu anayesema tatizo hili ni la Waasia au la Waafrika. Ni la binadamu aliyekaa karibu na mtu anayemheshimu. Ila kila lugha ina namna yake ya kulificha, na sisi Waswahili tumejaliwa namna nyingi sana.

Tazama Kiswahili chetu. Mgeni akitaka maji hasemi "nipe maji"; anasema jua la leo kali. Mama mkwe akichukia chumvi ya mchuzi anasifia wali. Tumelelewa hivyo, na mimi naipenda lugha hii kwa sababu hiyo hiyo: inampa mwenzako nafasi ya kusikia bila kuaibika. Jioni ile juu ya ziwa nilimtengenezea kapteni fumbo zuri kabisa. Nilipaka mwendo wa ndege rangi ya upepo, nikaweka na "naona", nikaweka na "kidogo". Barazani angeelewa. Lakini mtu aliyeshika usukani kwenye mvua, macho yake yakitafuta taa, hana nafasi ya kufumbua mafumbo.

Wapo waliofanya hivyo hivyo kwa lugha nyingine, wakalipa zaidi yangu. Usiku wa tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52, Boeing 707 kutoka Colombia, ilikuwa inasubiri zamu ya kutua New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, foleni ndefu. Ilizungushwa mara tatu, jumla ya saa moja na dakika 17. Rubani msaidizi ndiye aliyezungumza na waongozaji wa ndege, kwa kuwa Kiingereza cha kapteni hakikutosha. Alisema wanahitaji kipaumbele. Hakutamka neno "dharura". Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana. Kapteni akamwambia kwa Kihispania awaambie wako katika hali ya dharura. Yeye akawaambia waongozaji kuwa mafuta yanawaishia, akalichomeka hilo mwishoni mwa sentensi ya kawaida ya kukubali maelekezo. Mwongozaji alipomwuliza kama mzunguko wa maili kumi na tano hivi utawafaa na mafuta waliyonayo, alijibu kwamba anadhani ni sawa, na akashukuru sana.

Shukrani ile huniumiza kila nikiifikiria. Ni adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri. Ndege ilianguka Cove Neck, Long Island, watu 73 kati ya 158 wakafa. Napo hapakuwaka moto.

Baada ya ajali za namna hii dunia ilikaza maneno. Tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima athibitishe kiwango chake cha Kiingereza. Na yapo maneno rasmi ya mafuta: la kwanza humwambia mwongozaji kuwa sina akiba ya kucheleweshwa tena, la pili ni mayday yenyewe pamoja na neno mafuta, maana yake nitatua nikiwa nimeanza kula akiba ya mwisho, ile ya dakika 30 ambayo ndege ya injini za jeti haitakiwi kuigusa kabisa. Ukilisema hilo la pili, anga lote linakupisha. Hakuna wa kukisia ulikuwa na maana gani.

Darasani kwangu nina zoezi moja ninalolipenda. Nampa mwanafunzi karatasi, naweka mbele yake picha ya vyombo: mwendo umezidi, kimo kimezidi, njia inakaribia. Namwambia aandike atakachomwambia kapteni. Karibu wote huandika mistari miwili. Kisha nampa kalamu nyekundu: futa "labda". Futa "nadhani". Futa "kidogo". Futa "samahani mzee". Hubaki maneno mawili au matatu: "Mwendo, umezidi 25." Kijana mmoja wa Lindi aliitazama karatasi yake iliyojaa damu ya kalamu akaniambia, "Mwalimu, hivi si nitakuwa namfokea?" Nikamwambia namba haifoki. Atasema mara ya kwanza kwa namba. Asiposikilizwa atarudia na kutaja la kufanya. Kimya kikiendelea baada ya mara mbili, atahesabu kwamba mwenzake hayupo, hata kama macho yamefumbuka, na atachukua usukani huku akitangaza kwa sauti kuwa ameuchukua.

Mimi mwenyewe sikupata karatasi wala kalamu nyekundu. Nilipata kapteni wangu. Kesho yake alfajiri, baada ya tukio la Mwanza, nilimwamkia kama kawaida, akaitikia kama kawaida. Tulipokaa vitini, kabla hatujawasha injini, akanigeukia. "Shikamoo yako nimeipokea pale chini," akasema. "Huku juu nipe namba."

Lakini kusema ni nusu ya kazi. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express namba 812 ilitoka Dubai kwenda Mangalore, uwanja uliojengwa juu ya kilima, mwisho wa njia ni bonde. Kapteni alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari. Walifika juu sana na kwa mwendo mkubwa. Rubani msaidizi alisema wapae tena. Alisema mara tatu. Mtambo wa tahadhari nao ulikuwa unapiga kelele. Kapteni aliendelea. Kwenye njia ya mita 2,450 hivi, magurudumu yaligusa baada ya mita 1,600 kwisha. Watu 158 walikufa, wanane wakapona. Msaidizi yule hakutumia mafumbo. Alichokosa ni sikio, na sikio la kapteni halinunuliwi siku ya mvua. Linatengenezwa siku za jua, kwa namna anavyompokea mdogo wake anayekosea na anayepatia.

Kwa nini mtu mzoefu ang'ang'anie? Kwa sababu njia ameiona, nyumbani pamefika, abiria wanasubiriwa. Shirika la Flight Safety Foundation, linaloshughulikia usalama wa anga, limeonyesha kuwa kati ya mara mia ambazo ndege huja kutua ikiwa haijakaa sawa, ni kama tatu tu ambazo marubani huahirisha na kupaa tena. Mara nyingi zaidi ndege hutua na watu hushuka salama. Hapo ndipo sumu ilipo. Mtu anapona leo kwa bahati, anaiita uzoefu, kesho anairudia.

Kupaa tena si tukio la ajabu. Mafuta yake yamepigiwa hesabu kabla ya kuondoka. Injini zinanguruma ghafla, pua inanyanyuka, magurudumu yanarudi tumboni kwa kishindo cha kustua, na kwa dakika moja nzima hakuna atakayekutangazia chochote kwa sababu marubani wana kazi mikononi. Wewe funga mkanda, tulia. Na ile tabia ya kupiga makofi ndege ikitua, mimi sina ugomvi nayo, ila makofi yale ya Mwanza sikustahili.

Miaka ilipita nikahamia kiti cha kushoto. Alasiri moja tulikuwa tunashuka Zanzibar, masika, wingu jepesi juu ya bahari, nami ndiye ninayerusha. Kila kitu kilikuwa sawa: mwendo sawa, kimo sawa, njia naiona imelowa inang'aa. Kulia kwangu alikaa binti wa miaka ishirini na minne, wiki yake ya tatu nami. Tukiwa kwenye futi 300 akatamka yale maneno ya kupaa tena, kwa sauti isiyotetemeka.

Sikumwuliza kwa nini. Nilisukuma vishikio mbele, nikanyanyua pua, nikamsikia akiripoti kuwa tunapanda, kisha akipandisha magurudumu. Kisiwa kikazama chini yetu. Tulipofika kimo tulichopewa, nikageuza ndege kuelekea baharini, nikamwuliza aliona nini.

"Kitu cheusi katikati ya njia, Kapteni. Kama mnyama."

Tukauliza mnara. Wakatuma gari likapita njia nzima, mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kitu. Pengine dimbwi, pengine kivuli cha wingu. Nikasikia nyuma ya mlango mtoto analia, na mhudumu akimbembeleza. Dakika kumi na moja za mafuta zilikuwa zimekwenda.

Binti alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mapaja, kimya. Mwishowe akasema, "Samahani, Kapteni."

"Usiombe radhi," nikamwambia. "Asante. Ukikiona tena, sema tena."

Akaitikia kwa kichwa. Njia ilikuwa inajitokeza upande wake wa dirisha, imelowa vile vile.

"Orodha ya kutua," nikasema.

Akaishika, akaanza kuisoma.